Vali ya Moyo: Swali si Urefu wa Mshono Pekee

Anayeambiwa vali yake ya moyo (mlango mdogo unaoelekeza damu) ibadilishwe huuliza kwanza atapasuliwa kiasi gani. Zamani jibu lilikuwa moja: mfupa wa katikati ya kifua hukatwa, mshono wa sentimita 20 hivi. Sasa baadhi ya wagonjwa hupasuliwa sentimita 5 hadi 8 tu, kati ya mbavu za kulia. Mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji hutumika vilevile, ila mirija yake mara nyingi hupitia kinenani. Ukiona kinena kimevimba au mguu umekufa ganzi, mwite muuguzi papo hapo.

Vali ya kupitishwa kwa waya bila kufungua kifua, aliyoianza daktari wa moyo Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, ilikusudiwa hasa wazee ambao vali ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni) imeshika chokaa. Huku Mombasa tuna vijana wengi ambao vali ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na maumivu ya koo ya utotoni. Kijana kama huyo aulize: "Yaweza kupanuliwa kwa puto?" Vali ikiwa imebana tu, haivuji sana, na hakuna damu iliyoganda moyoni, puto huenda likatosha.

Ikibidi kubadilisha, hapo ndipo pa kukaa na daktari mkazungumza kwa kina. Vali ya kutengenezwa hudumu miaka mingi (usiku kukiwa kimya utaisikia ikigonga kama saa ya mkononi), lakini utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote. Vali ya tishu hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Kama dini yako inakupa wasiwasi, sema mapema, maana vali ya ng'ombe ipo. Kwa kijana vali ya tishu huchakaa haraka, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Msichana anayetaka watoto aseme hivyo kabla vali haijachaguliwa: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na kuiacha kienyeji kunaweza kuigandisha vali.

Warfarini humezwa mara moja kwa siku, saa ileile. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari panafaa. Kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) kwa vali ya mitrali ya kutengenezwa kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha na sukuma wiki usiviache. Kula kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu kinachovuruga kipimo ni kula sahani tatu leo kisha mwezi mzima bila. Hatari kubwa iko kwenye duka la dawa la mtaani: diklofenaki ya mgongo, Flagyl ya tumbo, Septrin ya kikohozi. Zote huongeza hatari ya kuvuja damu. Choo cheusi, au mdomo kwenda upande, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Aliyekatwa mfupa wa kifua asinyanyue mtungi wa lita 20 wala kujiinua kitandani kwa mikono kwa wiki 6 hadi 8. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Mfupa ukilia "kwa, kwa" au mshono ukitoa usaha, arudi siku hiyo.

Na kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una vali: mtu mzima asiye na mzio wa penisilini hupewa amoksisilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, ili vijidudu visishambulie vali.