Maswali ya Wasomaji: Treni ya Bububu kwenye meza ya stoo

SWALI: Salaam fundi. Mi niko Mombasa ila kwetu Unguja, na nyumbani wazee walikuwa hawaishi kuisimulia ile treni ya Bububu waliyosimuliwa na wazee wao, sasa nataka niitengeneze modeli. Nafasi niliyonayo ni ukuta mmoja wa stoo, urefu futi 8, upana futi 2 basi. Nimejaribu kuchora njia yote kuanzia Ngome Kongwe mpaka Bububu haienei. Na reli ninunue ya saizi gani? Madukani naona namba tu zinanichanganya.

JIBU: Haienei na haitaenea ndugu yangu, futa huo mchoro. Njia yenyewe ilikuwa maili 7, yani kilomita 11 na kitu, ukiipunguza mara 76 bado unabaki na karibu mita 148 za reli, hiyo si stoo tena hiyo ni mtaa. Futi zako 8 zinabeba kama mita 185 za Unguja halisi kwa kipimo hicho, kwa hiyo kazi yako ni kuchagua mita 185 zipi, na mwaka gani.

Nimesema 76 kwa sababu. Ile reli iliyojengwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilikuwa na upana wa futi 3 kati ya chuma na chuma, milimita 914, sasa gawa kwa 76 uone, unapata 12 kamili. Na reli ya milimita 12 ipo tayari madukani, ni ile wanayouza kwa treni za TT, yani modeli ndogo za 1:120, bei yake inavumilika na utapata na injini yake, we unachukua chesisi na mota tu, bodi unajijengea mwenyewe kwa kadibodi ngumu au plastiki. Kasoro yake ni mataruma, vile vipande vya kulalia reli, ni madogo na yamebanana mno, lakini mjini nani atayaona, fukia na unga wa chokaa uliochanganywa na gundi mpaka ubaki mgongo wa reli peke yake. Hakikisha tu pembeni mwa reli kwa ndani unaacha nafasi ya ukingo wa gurudumu, pitisha kipande cha kadi kabla gundi haijakauka.

Mi ningechagua mwisho wa mjini, pale Ngome. Bububu kwenyewe kuzuri lakini minazi na minazi tena, utachoka kuitengeneza. Mjini treni ilikuwa inapenya ubavuni mwa nyumba, watu wanajibanza milangoni ipite, hapo ndipo penye utamu. Uchochoro wa mita 3 na nusu kwako ni milimita 46, na behewa la upana wa mita 2 ni milimita 26, kwa hiyo kila upande unabaki na sentimita moja tu, mtu akikaa barazani miguu anaikunja. Jenga hizo nyumba za ghorofa mbili tatu ziwe na kimo cha sentimita 14 hivi na nyuma yake ufiche njia mbili za kuegesha treni, ikiingia uchochoroni basi mtazamaji anaamini imeshafika Mtoni. Mbele ya Ngome weka pointi mbili, yani panda za reli, injini iweze kuzunguka mabehewa. Beit el Ajaib usiijenge, itameza meza yote, ichore kwenye ubao wa nyuma.

Kuhusu mwaka, amua kabla hujanunua chochote. Serikali iliinunua hiyo njia 1911, abiria wakakoma 1922, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari mpaka 1928 ikafa. Ukisema 1908 basi bustani ya Forodhani haipo bado, ile ni ya miaka ya 1930, watu wengi wanaiweka wakiona inapendeza, na lile jumba la Maruhubi tayari ni magofu maana liliungua 1899. Soko la Darajani lipo, lilikuwa jipya jipya.

SWALI: Fundi mimi ni wa Nakuru, nimeprinti Garratt, ile injini ndefu ya mvuke ya daraja la 59, kwa skeli ya 1:87, yani ndogo mara 87. Nayo inataka reli gani, na nikiweka kona ya nusu kipenyo sentimita 30 itapita?

JIBU: Bahati yako, reli ni hiyohiyo ya 12. Njia yetu ya zamani ni ya mita moja, gawa kwa 87 unapata 11 na nusu, hiyo nusu hata jicho la mkaguzi haliioni. Kona ndo shida. Hizo mashine 34 zilizotoka Beyer Peacock kule Manchester 1955 na 1956 zilikuwa na urefu unaozidi mita 31, kwako ni kama sentimita 36, na japo inajikunja sehemu mbili, kwenye kona kali hivo tumbo litatokeza upande wa ndani wa kona na kugonga jukwaa la stesheni likiwa hapo. Anzia sentimita 50. Halafu kabla hujapaka rangi, panda gari uende makumbusho ya reli Nairobi, mojawapo ya hizo, 5918 Mount Gelai, iko pale, piga picha hasa za mabomba ya chini ya boila, juu kila mtu anapatia.