Tangi la kwanza la maji chumvi: nunua vipimo kabla ya taa

Msomaji mmoja ameuliza: "Nina tangi la lita 100, taa ya matumbawe na skima. Pesa imeniishia. Naweza kuanza bila kipima chumvi?"

Hapana. Ni afadhali auze hiyo skima, yaani mashine inayotoa uchafu kwenye maji kwa povu, apate cha kununulia kipima. Kosa lake ni la wengi: vitu vinavyopendeza macho hununuliwa kwanza, na vile vinavyomweka samaki hai vinasubiri mwisho wa orodha, mfuko ukiwa umeshatoboka. Matokeo yake ni samaki kufa ndani ya wiki chache, na mwenye tangi kuamini kwamba maji chumvi ni mchezo wa matajiri.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo bajeti inapopanda au kushuka. Kwa tangi la kwanza, lita 80 hadi 120 zinatosha. Tangi dogo zaidi ni rahisi kununua lakini gumu kulitunza. Tangi la lita 40 likipoteza lita 2 kwa uvukizi, chumvi inapanda kutoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji hadi karibu 37. Kwenye lita 100, upotevu huohuo unaifikisha chini kidogo ya 36. Maji mengi yanakupa muda wa kugundua kosa kabla samaki hajaumia.

Tangi lililotumika linaokoa pesa nyingi, ila likague. Lijaze maji ya bomba, liweke mahali tambarare kwa saa 48, kisha pitisha karatasi kavu kwenye pembe zote. Muulize muuzaji kama aliwahi kuweka dawa yenye shaba. Shaba hunasa kwenye mawe na mchanga, kisha huachia polepole na kuua konokono, kamba na matumbawe. Kama jibu ni ndiyo, mawe na mchanga wake usivichukue hata akikupa bure. Fikiria na meza pia: tangi la lita 100 likijaa maji, mawe na mchanga hukaribia kilo 150, na mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi huvimba zikilowa.

Sasa maji yenyewe, na hapa usibane matumizi. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, shaba, fosfati, nitrati na silika. Dawa ya kuondoa klorini haigusi fosfati, nitrati wala silika, ndiyo maana tangi lililojazwa maji ya bomba mara nyingi hugeuka kahawia na kisha kijani mwani ukishamiri. Tumia maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia uchafu, na kumaliziwa na kichujio cha resini, chembe zinazonasa madini yaliyobaki. Kipima TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kisome 0. Kikianza kupanda, resini imechoka. Kama huwezi kununua mtambo, nunua maji yaliyosafishwa hivyo kwa madumu, lakini yapime kila unapoyaleta.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesiamu wala madini mengine kwa viwango vya bahari. Kwa kawaida inahitajika gramu 36 hivi kwa lita, ingawa kila chapa inatofautiana kidogo. Tia chumvi ndani ya maji, usimwage maji juu ya chumvi, kwa sababu ikiwa nzito mno sehemu ya madini huganda na kuzama kama unga mweupe usioyeyuka tena. Acha pampu ndogo ikoroge kwa saa kadhaa ndani ya ndoo isiyowahi kutumika kwa sabuni. Usichanganyie chumvi ndani ya tangi lenye viumbe.

Kipimo unachotafuta ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na uzito linganifu (uzito ukilinganishwa na wa maji safi) wa 1.026 hivi. Haidromita, kipima chumvi chenye mkono wa plastiki unaoelea, ni rahisi kununua, lakini viputo vidogo hung'ang'ania mkono wake na kuunyanyua, nayo inakuambia chumvi imetosha wakati haijatosha. Nunua refraktomita, kipima chumvi kinachotumia jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, na kichupa cha majimaji ya kuisawazishia ya 35. Refraktomita nyingi za bei ya chini zimepigwa mistari kwa ajili ya chumvi ya jikoni, hivyo ukiisawazisha kwa maji safi peke yake itakosea maji ya bahari kwa zaidi ya gramu moja. Kichupa hicho kidogo ndicho kinachoipa thamani refraktomita nzima.

Hesabu pia chumvi ya mwaka. Ukibadilisha lita 15 kila wiki, unatumia takriban gramu 540 kila mara, yaani kilo 28 kwa mwaka. Kama bajeti yako haiwezi kubeba hizo kilo 28, punguza kitu kingine leo, kabla hujanunua.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Hita huharibika kwa namna mbili: kugoma kuwaka au kugoma kuzima. Ya pili ndiyo inayoua haraka. Kwa hiyo badala ya hita moja ya wati 100, weka mbili za wati 50. Moja ikikwama katika kuwaka, haina nguvu ya kuyachemsha maji upesi. Moja ikifa, nyingine inapunguza kasi ya kupoa. Weka kipimajoto cha pekee, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha hita. Mahali penye joto kali shida inageuka: huhitaji hita, unahitaji feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Hupunguza nyuzi 2 au 3, lakini uvukizi unaongezeka.

Uvukizi huo fidia kwa maji safi yasiyo na chumvi, kila siku. Maji huondoka, chumvi hubaki. Kifaa cha kujaza chenyewe kitakuja baadaye. Kwa sasa chora mstari kwenye kioo na ujaze kwa jagi hadi hapo.

Kazi ya kuchuja inafanywa na bakteria waliomo kwenye mawe. Kwa lita 100 weka kilo 8 hadi 12 za mawe makavu yenye matundu mengi. Huchelewa kukomaa kuliko mawe hai, yaani yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe, lakini ni ya bei nafuu na hayaji na wadudu waharibifu. Yakalishe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga wa aragonaiti (madini ya chokaa) kuyazunguka, kina cha sentimita 2 au 3. Ukitanguliza mchanga, samaki anayechimba ataubomoa msingi na jiwe litamwangukia au kupasua kioo.

Pampu ya mkondo isogeze lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa, nayo ielekezwe iutikise uso wa maji. Maji chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mtoni yasiyo na chumvi, na yakipata joto hubeba pungufu zaidi. Kama umeme hukatika, nunua kipuliza hewa cha betri kabla ya kuwaza skima.

Skima haihitajiki kwenye tangi la ukubwa huu lenye samaki wawili watatu na maji yanayobadilishwa kila wiki. Skima dhaifu inatoa kelele na viputo tu. Taa nayo, kwa samaki pekee, LED yoyote ya kawaida inafaa. Matumbawe laini yanaweza kungoja miezi sita, nayo pesa ya taa itakuwa imepatikana.

Vipimo vya amonia, nitriti na nitrati vinahitajika tangu siku ya kwanza: amonia ni sumu itokayo kwenye taka za samaki, na bakteria wa kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Kabla ya samaki, wakuze bakteria hao. Tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi miligramu 2 kwa lita, ongeza bakteria wa chupa ukiweza, usubiri. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Tangi limeiva pale miligramu 2 za amonia zinapokwisha ndani ya saa 24 na nitriti inasoma 0. Badilisha nusu ya maji ili kushusha nitrati, kisha ndiyo ulete samaki.

Anza na jozi ya samaki klauni waliozalishwa kwenye matangi, Amphiprion ocellaris. Samaki wa bluu Paracanthurus hepatus muache. Hufikia sentimita 30 na tangi hili ni jela kwake. Funika tangi kwa wavu, kwani samaki wengi wa bahari huruka. Na kabla hata klauni hajaingia humo, mkalishe wiki 4 kwenye sanduku la plastiki la lita 40 lenye hita, kichujio cha sponji kilichokwishakaa na bakteria, na kipande cha bomba cha kujifichia. Kimelea Cryptocaryon irritans kikiingia kwenye tangi kuu hakiwezi kutibiwa humo bila kudhuru konokono na kamba, na kukiondoa utalazimika kuwahamisha samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki kadhaa.