Peugeot 504 inazimika ikipata moto: je, itafika Nairobi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Peugeot 504 saluni ya 1978, injini ya petroli yenye kabureta, niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikaa uani miaka mingi kabla sijaifufua. Nataka niiendeshe mwenyewe kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Mjini inatembea bila wasiwasi. Lakini nikiitoa kuelekea Mariakani, ikishapanda Mazeras nyuma ya malori huanza kukohoa, hukosa nguvu, kisha huzimika. Nikingoja kama nusu saa, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi mmoja ameshabadilisha plagi na pampu ya petroli, tatizo liko pale pale. Je, mwinuko wa Nairobi utaimaliza? Au niipakie kwenye lori? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba. Usikodi lori bado. Gari hili lilijengewa safari ndefu na barabara mbovu. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978, mwaka wa gari lako, Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 kupe (ya milango miwili) yenye injini ya V6, yaani silinda sita. Isitoshe, 504 ziliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, kwa hiyo spea na mafundi wanaozijua bado wapo. Ila usianze safari kabla hujajua ni kitu gani hasa kinachoizima. Plagi na pampu zilibadilishwa kwa kubahatisha, na ndiyo maana pesa zimekwenda na ugonjwa umebaki.

Injini ya petroli ikizimika ghafla na mtambo wenyewe ni mzima, imekosa ama cheche ama mafuta. Ushahidi unapatikana dakika chache za mwanzo tu, kabla haijapoa. Kwa hiyo ichukue tena hadi Mazeras, safari hii kwa makusudi, ukiwa na mwenzako, plagi moja ya akiba, koleo lenye mpini wa plastiki na bisibisi. Ikianza kukohoa, egesha mbali na barabara na uweke pembetatu zako.

Anza na cheche, kabureta ikiwa bado imefungwa, ili mvuke wa petroli usikutane na moto. Chomoa waya wa plagi mmoja, uvike ile plagi ya akiba, ilaze chuma chake kikigusa injini, shika waya kwa koleo, mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ikiwa ni ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, mshuku koili (inayokuza umeme wa cheche) au kondensa ya distribyuta (kifaa kinachogawia plagi cheche). Vyote viwili vinaweza kufa vikipata joto na kufufuka vikipoa. Vipuri hivyo si ghali, na hata ukikuta vizuri, beba vya akiba.

Cheche ikiwa nzima, fungua kifuniko cha tangi na utege sikio. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba na pampu ilikuwa ikipigana na ombwe. Hewa isipovutwa, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia mdomo wa kabureta na uvute aksilereta kwa mkono, stata ikiwa imezimwa na pasiwe na sigara karibu. Petroli inapaswa kuruka kwa mshipa mwembamba. Isiporuka, kabureta imekauka.

Kwa dalili ulizotaja, mimi ningeanza na tangi. Gari lililokaa miaka mingi, tena hewa ya chumvi ya pwani, huota kutu ndani ya tangi. Mjini injini inakunywa kidogo, kwa hiyo taka hutulia chini. Mlimani inavuta petroli nyingi, taka zinafuata na kuziba bomba la kunyonyea. Injini ikizimika mvuto unaisha, taka zinaanguka, na baada ya muda gari linawaka tena. Pampu mpya haiwezi kutibu hilo. Lishushe tangi, lioshwe hadi maji yatoke safi, likaushwe kabisa, kisha funga chujio la petroli linaloonyesha ndani kabla ya pampu. Badilisha pia hozi zote za mpira: zikipasuka pampu huvuta hewa, na zikivuja juu ya injini ya moto ni hatari ya moto.

Mshukiwa wa pili ni joto lenyewe. Nyuma ya lori unakwenda polepole, upepo ni haba, na petroli inachemka ndani ya bomba na pampu. Pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika hushindwa na mvuke. Wengi hufunga vitambaa vilivyoloweshwa juu ya pampu, na hilo hukusogeza mbele kidogo tu. Tafuta kwa nini chini ya boneti kuna joto hivyo, na kwenye 504 hapo nasisitiza uangalie feni.

Feni ya 504 haizunguki muda wote. Inashikana na puli yake kwa sumaku ya umeme, pale swichi ya joto inapoamuru. Umeme huifikia kupitia brashi ndogo ya kaboni, na brashi hiyo huisha. Ikiisha, mjini huenda usione kitu, lakini kwenye mlima wa polepole feni inabaki ikielea. Injini ikiwa imezimwa, upelekee waya wa brashi umeme wa betri moja kwa moja. Utasikia "tak" na feni itashikana na puli. Kimya maana yake brashi, waya au sumaku. Hili usilidharau, kwa sababu silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, na ikipata moto kupita kiasi hupinda na kuunguza gasketi. Mshale wa joto ukipanda kuelekea kwenye nyekundu, simama hapo hapo, na usifungue rejeta ikiwa ya moto.

Kuhusu mwinuko: Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Injini yako itapoteza nguvu karibu kiasi hicho, na mchanganyiko utakuwa na petroli nyingi kuliko inavyohitajika kwa hewa hiyo, hivyo plagi zitakuwa nyeusi kidogo na utakunywa zaidi. Haiui injini. Kwa safari ya siku chache usibadilishe jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli), rekebisha sailensa tu ukifika, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga aksilereta. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi huko juu, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kiwe kizima na kishike presha.

Matengenezo yakiisha, nenda Voi na kurudi mchana wa jua kali, kama kilomita 300. Likirudi bila kukohoa, Nairobi litafika. Kabla ya hapo soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka kumi silipandi barabara kuu, hata kashata (meno) zake ziwe nzima.

Siku yenyewe ondoka alfajiri kunapopambazuka, si usiku, na uende kilomita 80 kwa saa. Pumzika Mtito Andei, karibu nusu ya njia, ukague maji na oili. Makindu, hekalu la Masingasinga huwalisha wasafiri bila malipo, na kivuli chake kinafaa kupoza injini pia. Baada ya Emali barabara inapanda. Rudi gia ya chini mapema badala ya kukandamiza aksilereta.

Mafuta ya breki yamwagwe yote na kutiwa mapya kabla hujaondoka. Hunyonya maji kadiri miaka inavyopita: yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yaliyoingiwa na maji hushuka hadi 140 hivi, na yakichemka pedali inazama. Utayahitaji zaidi kurudi, ukiteremka Mazeras nyuma ya malori yale yale. Hapo teremka kwa gia ya tatu.