Nilimtoza Mteja Zaidi kwa Kukosea Hesabu, Naye Hajui: Nifanye Nini?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Mbagala, na ninauza hotipoti na vyombo vya plastiki vya kampuni isiyokuwa na duka. Sisi mawakala tunapitisha kitabu cha bei kwa majirani, tunachukua oda, tunanunua mzigo kwa bei ya wakala kisha tunawauzia wao kwa bei ya kitabuni, na wengi huchukua kwa mali kauli wakalipa kidogo kidogo. Nilipopitia daftari langu niligundua kwamba jirani mmoja, ambaye ni Mkristo na sasa amehamia Kibaha, alichukua hotipoti ya shilingi 65,000 na makopo matatu ya shilingi 12,000 kila moja, lakini mimi niliandika makopo manne, akanilipa taslimu shilingi 113,000 badala ya 101,000. Hajalalamika. Dada aliyeniingiza kwenye biashara ananiambia ninyamaze, kwa sababu mteja alilipa kwa hiari yake na mimi sikukusudia. Naona haya kumwambia, nisije nikaonekana mwizi. Je, nikimpelekea kopo moja kama zawadi itatosha? Na mteja mwingine nilimsomea mstari usio wake kitabuni, nikamuuzia jagi la shilingi 28,000 kwa 23,000. Je, naweza kumdai 5,000 iliyobaki, au niifidie kwenye ile 12,000?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake wote.

Shilingi 12,000 hizo ni mali ya jirani yako, na ni wajibu juu yako kumrejeshea. Mwenzako amepatia aliposema kwamba hukukusudia, kwani imepokewa na Ibn Majah kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) amesema Allah ameusamehe umma wake yale unayoyafanya kwa kukosea, kwa kusahau na kwa kulazimishwa. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba msamaha huo unakuhalalishia fedha. Kilichosamehewa ni dhambi ya kukosea, ama haki ya mwenye mali inabaki pale pale, na ndiyo maana wanachuoni wakasema kwamba aliyelala akigeuka usingizini akavunja chombo cha mwenziwe hana dhambi, lakini chombo atakilipa. Hadithi ya Samura bin Jundub, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, inasema kuwa mkono una dhamana ya ulichokichukua mpaka ukirejeshe. Tena udhuru wa kukosea ulikuwa wako mpaka siku ulipofungua daftari ukaona. Baada ya hapo, kukaa kimya huku una uwezo wa kurejesha ni jambo la kukusudia, nalo lina hukumu yake.

Ama hoja ya kwamba alilipa kwa hiari, hiyo haisimami. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kwamba tusiliane mali zetu kwa batili isipokuwa iwe ni biashara kwa kuridhiana. Sasa jirani yako aliridhia nini? Aliridhia hotipoti moja na makopo matatu kwa bei ya kitabuni, na alipotoa shilingi 113,000 alizitoa akiamini kuwa ndilo deni lake, kwa kutegemea mwandiko wako. Hakukupa ile ziada, kwa kuwa hakujua kuwa ipo. Na kutolalamika kwake si ridhaa, kwani Imamu Shafi, ambaye wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu yake, ndiye anayenasibishwa na ile kanuni mashuhuri kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Kuwa kwake Mkristo hakubadilishi chochote: aya ya 58 ya sura hiyo hiyo imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, haikubagua dini zao.

Haya unayoiona naielewa, na hapa nitarefusha kidogo, kwa sababu akina mama wengi wanaouza majumbani huingia katika njia hii ya zawadi wakidhani wamemaliza. Kwa mujibu wa mafakihi (wanachuoni wa sheria) wa Kishafi, kinachozingatiwa katika kulipa deni ni nia ya anayelipa. Kwa hiyo ukimtumia jirani yako shilingi 12,000 ukinuia kuwa ndiyo haki yake, dhima yako imeondoka hata kama yeye atadhani kuwa umempa zawadi tu, na hukulazimika kumweleza kisa chote. Lakini hayo ni pale unapolipa fedha kwa fedha. Ukipeleka kopo badala ya fedha, umembadilishia haki yake kwa kitu cha aina nyingine, na badiliko hilo halitimii ila kwa makubaliano yake, naye hawezi kukubaliana na jambo asilolijua. Huenda ana makopo ya kumtosha na alichokuwa akikihitaji wiki hii ni nauli ya watoto. Tena ipo tabu nyingine ambayo watu huisahau: akiamini kuwa umempa zawadi, ataona ana fadhila ya kuilipa, kesho akuletee khanga au akuchangie shughuli, nawe utakuwa umechukua mara ya pili kutoka kwa mtu uliyekuwa unamlipa. Kwa sababu hiyo naona bora, ingawa si sharti, umwambie wazi: “Dada, nilipopitia daftari nimeona nilikuandikia makopo manne, kumbe ulichukua matatu, na hii ni fedha yako.” Sijui mteja aliyemwita mtu mwizi kwa kumrejeshea fedha ambazo hakuwa na habari nazo. Ukimwambia wazi, hapo ndipo unapoweza pia kumuuliza kama angependa kopo badala ya fedha, na akikubali hakuna ubaya.

Usitosheke na ule ujumbe wa jumla ambao watu hutumiana kwenye simu kila Ramadhani inapokaribia, “nisamehe kwa lolote nililokukosea.” Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu kusamehe haki ya mali asiyoijua kiasi chake hakusihi. Akitaka kukusamehe ajue kwanza kuwa ni shilingi 12,000, kisha aseme mwenyewe kwamba amesamehe bila ya wewe kumbana. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) amemwamrisha aliyemdhulumu ndugu yake katika heshima yake au katika jambo lolote ajitakase naye leo, kabla haijafika siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu.

Gharama ya kurejesha ni yako, kwa kuwa anayewajibika kurudisha kitu ndiye anayebeba gharama ya kukirudisha. Yeye alikulipa taslimu mkononi. Basi ukimtumia kwa simu, makato ya kutuma utayabeba wewe na utaongeza na ya kutolea, ili akifika kwa wakala wa Kibaha atoe shilingi 12,000 kamili na siyo pungufu yake. Ikiwa fedha umeshazizungusha kwenye mzigo na huna kwa sasa, mweleze na mwombe muda, au mpatane kwamba zipunguzwe katika oda yake ijayo. Namba yake ikiwa haipatikani tena, waulize majirani wake wa zamani, hata kanisani alikokuwa akisali. Na lau angekuwa amefariki, haki ingehamia kwa warithi wake.

Tuje kwa mteja wa jagi, na hapa hukumu ni tofauti. Makopo yalikuwa kosa la kuandika baada ya mauzo kukamilika; bei ilishajulikana, hesabu ndiyo iliyoharibika. Jagi lilikuwa kosa katika bei yenyewe wakati wa kuuziana: wewe ulisema 23,000, yeye akasema ninachukua, na mkaachana kwa hilo. Mafakihi wetu hawakuona kwamba kupunjika katika bei, peke yake na bila ya hadaa kutoka upande wa pili, kunampa mtu haki ya kurudi nyuma. Walitaja hata mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari, wakasema hana hiari ya kuvunja mauzo, kwa sababu yeye ndiye aliyezembea kuuliza. Wewe kitabu cha bei kilikuwa mikononi mwako. Kwa hiyo huna haki ya kumdai 5,000, ingawa unaweza kumweleza yaliyotokea, na akikuongezea kwa moyo mkunjufu ni halali yako. Usirudie kumkumbusha, maana atakayetoa kwa kuona aibu mbele ya majirani hajaridhia. Hukumu ingekuwa nyingine lau mngekubaliana kwa 28,000 kisha ukapokea 23,000 kwa kusahau. Hapo ungekuwa na deni la 5,000, na ungelidai.

Kufidia hasara ya jagi kwa fedha za makopo hakufai kabisa. Mama wa Kibaha hahusiki na jagi la mtu mwingine.

Kuhusu daftari, nakushauri usome vizuri aya ya 282 ya Suratul Baqara. Humo Allah ametukataza kuchoka kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na akaamrisha kwamba anayesema maneno yaandikwe ni yule mwenye kudaiwa. Wauzaji wengi wa majumbani hufanya kinyume: mzigo unachukuliwa mchana barazani, deni linaandikwa usiku chumbani, na mteja hajui kilichoandikwa mpaka siku ya kulipa. Mteja wako wa mali kauli na ataje mwenyewe alichochukua, kimoja kimoja, wewe uandike akiwepo, kisha umsomee jumla na umpe nakala au uupige picha ukurasa huo umtumie.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.