Jibu: Kiingereza cha miezi sita, Uingereza au Zambia?

Dada, umeuliza kama uuze kiwanja cha Uyole ili mdogo wako akasome Kiingereza Uingereza miezi sita. Kiwanja usikiguse kwanza.

Kozi isiyozidi miezi 6 kule huombewa viza ya mgeni wa kawaida. Ikizidi hapo, hadi miezi 11, ina viza yake ya masomo mafupi. Zote mbili haziruhusu kazi, hata ya kuosha vyombo, kwa hiyo chumba, chakula na nauli vyote ni juu yako mwanzo mwisho. Chuo nacho hakikisha kina ithibati ya British Council kabla hujatuma hata senti.

Mimi ningeanzia Zambia. Mbeya hadi Tunduma ni basi tu, anavuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na viza ya kuingia Watanzania hatuhitaji. Darasani na maofisini ni Kiingereza. Ila masokoni Lusaka atasikia sana Kinyanja, hilo mjiandae nalo.

Kinachoniuma ni hiki: vijana wetu wakifika ugenini wanapanga chumba na Watanzania wenzao. Jioni ugali, Simba na Yanga, Kiswahili mpaka usingizi. Kiingereza kimebaki darasani. Mtafutieni familia ya wenyeji inayozungumza Kiingereza nyumbani, hata chumvi aiombe kwa lugha hiyo. Hilo lipangeni kabla hajapanda basi, akishafika atafuata wenzake.

Amemaliza kidato cha ngapi? Na bajeti yenu ikoje bila kiwanja?