Jeni ya maziwa ipo, ila soma kwanza kabla hujapima dume

Swali: Daktari shikamoo, niko Kiruhura, Uganda, nina ng'ombe wa Ankole niliowachanganya na Friesian wa maziwa. Nimesikia kuna mzungu wa Ubelgiji aligundua jeni ya maziwa. Naweza kupima dume langu nijue kama anayo?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Huyo ni Michel Georges wa Chuo Kikuu cha Liège, na si mtu mdogo, 2007 alipewa Tuzo ya Wolf ya kilimo. Jeni yenyewe inaitwa DGAT1, iko kromosomu ya 14 (kromosomu ni uzi wa DNA unaobeba jeni), timu yake waliitangaza 2002. Lakini ina aina mbili, moja inaongeza mafuta kwenye maziwa halafu inapunguza lita, nyingine ni kinyume chake. Kwa hiyo nikuulize, unauza kwa lita ama nyumbani mnatengeneza eshabwe, ule mchuzi wa samli? Maana ng'ombe wenye nundu wengi tayari wanayo ile ya mafuta, na kama mnunuzi anahesabu lita tu, mafuta hayo hakulipi.

Walivyoipata ndo pananifurahisha mimi. Walichukua madume ya kupandishia kwa mrija, watoto wa baba mmoja, kila dume ana mabinti kibao ambao maziwa yao yameandikwa miaka na miaka, wakaangalia kila dume alirithi kipande gani cha kromosomu ya baba yake, halafu wakalinganisha maziwa ya mabinti mpaka kipande chenye tofauti kikajulikana. Bila yale madaftari ya wafugaji maabara peke yake isingefika popote.

Maabara hiyohiyo 1997 ilionyesha kwamba ile minyama ya Belgian Blue, ng'ombe wa nyama wa Ubelgiji, inatokana na herufi 11 za DNA kukatika kwenye jeni ya mayostatini, ile inayozuia misuli isizidi. Usiwatamani hao, ndama wengi wanatolewa kwa kumpasua mama, na saa nane usiku huko kwenu daktari utamtoa wapi?

Kwa dume wako, kipimo cha jeni moja hakikwambii sana, lita zinaamuliwa na jeni nyingi ndogondogo, bado majani, maji na kupe. Ukienda kununua mbegu kituo cha taifa Entebbe uliza rekodi za mabinti wa dume, usiangalie picha yake tu. Na nyumbani andika kila ng'ombe, baba yake nani na anakamuliwa lita ngapi. Halafu dume asipande mabinti zake mwenyewe, hilo nakutana nalo sana.