Punje inajuaje wakati wa kuweka akiba?

Jeni za zeini, protini ya akiba ya mahindi, zimo katika kila seli ya mmea. Mbona jani haliitengenezi?

Jeni kuwepo ni jambo moja, kusomwa ni jingine. Kabla ya jeni pana kipande cha DNA kinachoshikwa na protini simamizi. Jeni nyingi za akiba katika nafaka zina hapo herufi TGTAAAG, zinazoshikwa na protini iitwayo PBF. Jirani yake hushika protini simamizi nyingine, ya ukoo uitwao bZIP, ambayo kwa mahindi ni Opaque2. Hii hutengenezwa ndani ya endospemu, ghala la punje, wala si kwenye jani.

Wengi huziita swichi. Neno hilo silipendi, maana swichi hutosha kidole kimoja. PBF na Opaque2 hushikana, na mojawapo ikikosekana zeini hupungua.

Opaque2 ikiharibika, mkulima anapata hasara tu?

Si hasara tupu. Mwaka 1964 Mertz, Bates na Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba punje za namna hiyo zina karibu maradufu ya laisini, asidi amino ambayo mwili wetu hauwezi kuitengeneza. Zeini takriban haina laisini. Ikipungua, protini nyingine zenye laisini hujaza nafasi yake. Ubaya ni kwamba punje huwa laini kama chaki, huvunjika, na wadudu huifurahia. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wakiwa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano nchini Mexico, walichagua kwa miaka mingi mbegu zenye jeni nyingine za kuigumisha punje, laisini ikibaki. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Nimeona picha ya punje zilizochipua zikiwa bado kwenye gunzi. Nini kilitokea?

Huenda VP1 ilikuwa na kasoro. Protini hii, ikisaidiana na homoni ya asidi abisisiki, huwasha jeni za kukomaza mbegu na kuzuia za kuota. Bila hiyo kiinitete hakilali. Kioja chake: VP1 huamsha pia jeni za rangi, kwa hiyo mahindi ya zambarau yenye kasoro hiyo hupauka.

Ngano na mpunga je?

Mpangilio ni ule ule kwa sehemu kubwa: mpunga una RPBF, ndugu wa PBF, na RISBZ1, ndugu wa Opaque2; ngano ina SPA, naye ndugu wa Opaque2. Ila mpunga huweka akiba zaidi kama glutelini, protini ya aina nyingine, na jeni zake nazo husimamiwa na RPBF na RISBZ1 hao hao.